Kutafuta Kazi za Mikono Katika Nyumba za Kale za Songo Mnara: Niliyojifunza

Ninaandika haya kwa ajili ya wanafunzi wa akiolojia, hasa wale wanaojiandaa kwa tasnifu ya uzamili katika magofu ya pwani yetu na ambao wamechagua swali linaloonekana dogo: watu wa mji wa kale walitengeneza nini nyumbani mwao, nani alikitengeneza, na alikaa wapi alipokuwa akikitengeneza? Mimi nililiuliza swali hilo Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani katika pwani ya kusini ya Tanzania, ambako nilipata nafasi ya kufanya kazi na kikosi cha uchimbaji na kuruhusiwa kutumia sehemu ya vigae na udongo kwa tasnifu yangu. Lilinichukulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia na fedha ambazo nyingine nilizikopa kwa ndugu. Sijutii hata kidogo, ila yako mambo ambayo mtu akiyajua kabla ya kufunga mizigo atafika mbali zaidi kwa uchovu mdogo zaidi.

Kwanza nieleze kwa nini swali lenyewe lina uzito. Habari za Kilwa tulizosomeshwa zilikuwa za biashara: dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala, bandari ya kale katika pwani ya Msumbiji, vyombo vya kaure vya China, shanga za kioo za India, na ziara ya msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani na kutoa ripoti yake ya juzuu mbili mwaka 1974, alikuta katika tabaka za chini dalili za kuyeyusha chuma na za kutengeneza shanga kwa makombe ya bahari, kisha katika tabaka za baadaye vigae vilivyochongwa kwa ajili ya kusokotea uzi. Lakini wasomaji wengi waliipita sehemu hiyo haraka wakaenda kwenye Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa, na sarafu za masultani. Mji ukielezwa kwa yale yaliyoshushwa bandarini peke yake, wenyeji wake hubaki kuwa watu waliosubiri kuletewa. Aliyesokota, aliyefua chuma, aliyefinyanga na aliyechoma chokaa hawaonekani, na hao ndio waliokuwa wengi.

Songo Mnara panafaa sana kwa swali hili kwa sababu mji wake haukuishi muda mrefu. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya magofu haikujengewa juu tena, kwa hiyo mtafiti hahangaiki na tabaka za karne nyingi zilizochanganyika. Ndani ya ukuta wake zimo zaidi ya nyumba 40 za mawe, misikiti, makaburi na viwanja vya wazi, na palikuwapo pia nyumba za miti na udongo ambazo leo hazionekani juu ya ardhi. Pamoja na Kilwa Kisiwani, mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuanzia mwaka 2009, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones waliongoza utafiti uliouliza jinsi nafasi za mji zilivyotumiwa, ndani ya nyumba na nje yake, na kazi yao ndiyo iliyonifungua macho kwamba sakafu na udongo wa uwanja vinaweza kuhojiwa kama vile kuta zinavyohojiwa.

Maandalizi nitayapita upesi, ila msiyadharau. Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ni kimoja, leseni ya kuchimba chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ni nyingine, na ruhusa ya kutoa sampuli nje ya nchi ni ya tatu na huombwa peke yake. Baada ya hapo kuna barua za mkoa, wilaya na kijiji. Anzeni mapema sana, na msifike kijijini mkiwa na barua tu. Kaeni na wazee, waelezeni mnachotafuta, na muwaambie bila kuficha kwamba hamtafuti dhahabu. Sisi tulieleza habari hiyo zaidi ya mara moja, kwa sababu mtu anayepepeta mchanga kutwa nzima na kufungia vigae vibovu katika mifuko huzua maswali ya haki kabisa.

Safari ya kutoka Kilwa Masoko kwenda kisiwani hupangwa na bahari, si na saa ya mtu. Maji yakipwa, chombo hakifiki karibu, na mzigo hubebwa kichwani kupitia mikoko katika tope la magotini. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa kiasi cha kuharibu ratiba nzima ya kazi. Maji baridi ni taabu. Hili lina athari ya kitaaluma, wala si suala la starehe: kuosha vigae kwa maji ya bahari huacha chumvi ndani ya vinyweleo vyake, na chumvi hiyo ikikauka hupasua uso wa kigae taratibu ghalani. Tulilazimika kuvisugua kwa brashi kavu kule kisiwani na kuviosha baadaye bara. Mtakaoandika bajeti, andikeni maji ya kuoshea kama kifungu kinachojitegemea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kulisisitiza kuliko yote. Anayetafuta kazi za mikono hatafuti vitu vilivyokamilika, anatafuta taka. Bidhaa nzuri iliuzwa, ilivaliwa, ilitolewa mahari au ilizikwa; kilichobaki pale mtu alipoketi ni kile kilichoharibika mkononi, vipande vilivyokatwa, vumbi la kusagia na chenga zisizomfaa mtu. Mpango wa uchimbaji uliokusudiwa kupata kaure na sarafu hautaziona hata zikiwa mbele ya macho. Chekeche letu la kwanza lilikuwa na matundu ya milimita 5, kipimo ambacho timu nyingi hukitumia, na kwa vigae vya vyungu kinatosha. Lakini tulipopitisha mchanga uleule katika wavu wa milimita 2 tuliona shanga ndogo, vipande vya makombe na magamba membamba ya chuma yaliyokuwa yamepita yote. Hatukuweza kuchekecha mji mzima kwa wavu huo, kwa sababu kazi huenda polepole mno na vibarua wanalipwa kwa siku. Njia tuliyoifuata ni kuugawa kila chumba katika miraba midogo, kuchekecha mchanga wote kwa wavu mpana, na kuchukua ndoo moja ya udongo wa sakafuni kutoka kila mraba kwa ajili ya wavu mwembamba na maabara. Ndoo hiyo moja ndiyo iliyobeba tasnifu yangu.

Kuhusu sakafu zenyewe inafaa kuwa na tahadhari. Nyumba za mawe za Songo Mnara zilisakafiwa kwa chokaa, na sakafu ya chokaa hufagiwa. Kitu kikubwa kilichokutwa juu yake mara nyingi ni cha siku za mwisho za nyumba, au kilidondoka baada ya watu kuhama na paa kuporomoka. Kilichotupwa wakati nyumba ingali na watu kiko jalalani, nyuma ya ukuta au kando ya ua. Kwa hiyo mtu akikuta vigurudumu vya kusokotea uzi katika jalala la nyumba fulani, hawezi kusema walisokotea katika chumba gani. Anaweza kusema tu kwamba huenda kaya ile ilisokota. Chumba hujulikana kwa vitu vidogo mno vilivyoponyoka ufagio: vilivyokanyagwa katika ufa wa sakafu, vilivyojificha pembeni, na kemikali zilizozama katika udongo. Uchambuzi wa elementi nyingi za udongo uliofanywa katika viwanja vya wazi vya mji huo ulionyesha kwamba mahali pasipo na ukuta wala kitu cha kuokota panaweza bado kuwa na alama ya shughuli za watu. Nilipoelewa hivyo, niliacha kuwaonea wivu wenzangu waliokuwa wakiita wengine waje kutazama kipande cha kaure ya kijani huku mimi nikiandika namba kwenye mfuko wa mchanga.

Kazi ya ghalani ndiyo iliyonichosha moyo. Meza, taa, mzani, kalipa ya kupimia upana, na vigae visivyo na mwisho. Kipindi hicho hakina hadithi ya kusimulia nyumbani, na watu wanaokupenda wataanza kuuliza utamaliza lini. Vigurudumu vya kusokotea ni vigae vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara, kwa kawaida vyenye upana wa sentimita chache tu, na kutobolewa katikati; huchomekwa kwenye kijiti na kukipa uzito ili kizunguke sawasawa wakati pamba inavutwa kuwa uzi. Kukipata kizima ni ushahidi kwamba mtu alisokota, lakini si ushahidi kwamba kifaa hicho kilichongwa hapo. Ili kusema kilichongwa hapo, lazima uone hatua zake: duara lisilotobolewa, duara lenye vishimo viwili vilivyoanzwa kila upande bila kukutana, na duara lililopasuka likitobolewa. Tundu lililotobolewa kutoka pande zote mbili huwa jembamba katikati na pana kwenye midomo, na alama hiyo huonekana hata katika nusu ya kigurudumu.

Wengi huhesabu kila kigae cha duara kuwa kifaa cha kusokotea, na hapo hesabu inaharibika. Duara lisilo na tundu huenda lilikuwa kete ya mchezo au kifuniko cha chupa ndogo. Kigae chenye tundu lililokaa upande huenda kilikuwa chubwi ya wavu wa kuvulia, na kipande chenye tundu karibu na mdomo wa chungu huenda ni alama ya chungu kilichopasuka kikafungwa kwa uzi kisiachane. Pimeni uzito, upana, upana wa tundu, na umbali wa tundu kutoka kwenye kitovu cha duara. Kilichotobolewa nje ya kitovu huyumba, na uzi hukatika. Nilikuja kuamini vipimo hivi baada ya kuchonga vyangu mwenyewe kwa vigae vya kisasa, nikivisugua juu ya jiwe la matumbawe na kuvitoboa kwa msumari uliochongoka. Kuchonga duara ni rahisi kuliko kutoboa. Vingi hupasuka mwishoni kabisa, pale msumari unapokaribia kutokea upande wa pili, na ndiyo sababu ya mtu kugeuza kigae na kuanza upande mwingine. Jaribio dogo la namna hiyo halina gharama, na linampa mtafiti rundo lake mwenyewe la taka za kulinganisha na za kale. Tafadhali liwekeni katika mpango wa kazi tangu mwanzo.

Jambo hilihili linaonekana wazi zaidi katika kazi ya shanga. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, katika makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, watafiti walipata maelfu ya vigae na mawe yenye mifereji iliyochimbika kwa kusagia vipande vya makombe mpaka vikawa duara. Wingi wake ulionyesha kwamba kusaga shanga kulikuwa sehemu ya uchumi wa kaya, na wala hapakuhitajika karakana kubwa wala bwana wa kuisimamia. Katika miji ya baadaye visagio hivyo ni haba, shanga za kioo kutoka ng'ambo zimekuwa nyingi, na vifaa vya kusokotea vimejitokeza. Sioni hapa habari ya ufundi uliokufa. Naona kaya zilizohamisha saa zao za kazi kutoka kwenye shanga kwenda kwenye uzi, katika ukanda ambao Ibn Battuta aliandika kwamba vitambaa vilivyofumwa Mogadishu vilipelekwa hadi Misri. Msomaji anaweza kunipinga, lakini mabishano hayo yanahitaji hesabu za taka kutoka nyumba moja hadi nyingine, na hesabu hizo bado ni chache.

Chuma kilinifundisha tahadhari ya aina nyingine. Mavi ya chuma yanayotoka katika tanuri la kuyeyushia na yale yanayotoka katika kalibu ya mhunzi hayafanani, na ni rahisi kuyaweka katika mfuko mmoja na kuandika "chuma kilitengenezwa hapa". Kuyeyusha mawe ya chuma ni kazi ya moto mkubwa, makaa mengi na watu kadhaa. Kufua ni kazi inayoweza kufanyika uani, chini ya kibanda. Kipande cha kewa, yaani bomba la udongo linalopeleka upepo wa mivukuto motoni, kitawasaidia kujua moto ulipita wapi. Kilichoniridhisha zaidi ni sumaku ya kawaida iliyofungwa katika mfuko wa plastiki na kupitishwa juu ya udongo mkavu wa kila mraba: nyundo inapopiga chuma chekundu, magamba membamba huruka na kudondoka palepale, na kwa kuwa ni madogo hakuna anayeyazoa. Msikimbilie kushangilia, maana baadhi ya punje za udongo wetu mwekundu hunaswa na sumaku pia. Zitazameni chini ya hadubini. Gamba la mhunzi ni bapa au ni tone la mviringo, punje ya udongo haina umbo hilo. Chukueni pia udongo wa mahali pasipo na makazi, ili mjue ardhi yenyewe ina nini.

Ufinyanzi ndio uliokuwa mgumu kuuthibitisha. Vyungu ni vingi kuliko kitu kingine chochote, ilhali mahali pa kuvifinyangia hapaonekani kirahisi. Nilielewa sababu nilipokwenda kuketi na mama mmoja mfinyanzi huko bara, mtu mzima aliyeniita mwanangu tangu dakika ya kwanza na kunipa kazi ya kukanda udongo kabla hajajibu swali langu lolote. Hakuwa na gurudumu wala tanuri. Alijenga chungu kwa mikono, akakilainisha kwa kipande cha kifuu, akakisugua kwa kokoto ya mtoni, na siku ya kuchoma alivipanga vyungu chini, akavifunika kwa kuni na majani. Asubuhi yake jivu lilizolewa, na baada ya mvua moja hapangekuwa na kitu. Nilimpa vigae vya kale avitazame. Alivigeuza, akagonga kimoja kwa kucha na kusikiliza, akanionyesha mahali ambapo mfinyanzi aliunganisha shingo na tumbo, na kingine akasema kilichomwa siku ya upepo, kwa sababu upande mmoja uliiva kuliko mwingine. Mambo hayo sikuwa nimeyaona katika miezi yote ya ghalani. Mlipeni mtu kama huyo kwa muda wake kama mnavyowalipa wataalamu wa maabara, na muandike katika tasnifu kwamba uamuzi fulani umetokana na ujuzi wake, kwa namna atakayoikubali mwenyewe.

Niseme wazi kuhusu fedha. Fedha nyingi za utafiti humalizika siku ambayo mashimo yanafukiwa, wakati kazi halisi ya swali hili inaanza siku hiyo. Upimaji wa umri wa mkaa mmoja ni mamia ya dola, na sampuli moja haitoshi. Sampuli zangu za udongo zilikaa katika maabara moja ya nje kwa muda mrefu kupita ahadi, na barua zangu hazikujibiwa. Nilipata hofu ya kweli kwamba ningemaliza muda wa masomo bila matokeo. Kilichoniokoa ni kwamba nusu ya kila sampuli ilikuwa imebaki nchini, nikaweza kufanya vipimo rahisi vya fosfati, kemikali inayobaki udongoni kutokana na taka za watu, na kuendelea kuandika. Gaweni kila sampuli mara mbili. Tengeni angalau nusu ya fedha kwa ajili ya kazi ya baada ya uchimbaji, na mfadhili akikataa, punguzeni idadi ya mashimo.

Katika kuandika, kishawishi kikubwa ni kumtaja mtendaji haraka: mwanamke alisokota, mwanamume alifua. Huenda ndivyo ilivyokuwa, na desturi za baadaye za pwani zinaelekea huko, lakini kigurudumu hakina jina la mtu. Katika nyumba kubwa ya mawe waliishi wenye nyumba, jamaa zao, wageni wa biashara, na inaelekea pia watumishi na watumwa. Uzi uliosokotwa humo unaweza kuwa wa heshima ya bibi wa nyumba au jasho la mtu asiyekuwa huru. Wynne-Jones ameonyesha kwamba nyumba ya mawe ya Waswahili haikuwa maficho ya faragha tu, ilikuwa pia mahali pa shughuli zilizohusisha watu wa nje, na mimi naona kazi za mikono zinaingia katika picha hiyo vizuri: uani na barazani palikuwa pa kupokea wageni na pa kufanyia kazi, pengine kwa saa tofauti za siku ileile. Andikeni mnachoweza kukitetea kwa mraba, tabaka na uzito, kisha mseme wazi ni wapi mnaanza kukisia.

Matokeo tuliyarudisha kijijini kwa mkutano chini ya mti, tukiwa na picha kubwa na vigurudumu vichache vya kuigiza ambavyo watoto walivizungusha. Swali gumu zaidi lilitoka kwa fundi mmoja aliyewahi kuchoma chokaa: kwa nini sikuhesabu kuchoma chokaa na kuchonga matumbawe kuwa kazi za mikono, wakati kila nyumba tuliyoichimba imesimama kwa kazi hizo? Matumbawe laini hukatwa yakiwa bado mabichi kutoka baharini, huchongwa upesi kabla hayajakauka na kuwa magumu, na chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo. Hayo yote alinieleza papo hapo, pamoja na aina ya kuni inayofaa. Ni swali ambalo mmoja wenu anaweza kulichukua. Vigae, udongo uliobaki na daftari zangu vimehifadhiwa kwa namba zinazofuatana na za ramani ya uchimbaji, kila mfuko una lebo ndani na nje, iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu hufifia, na makasha ni ya plastiki kwa sababu mchwa hula ya karatasi. Atakayekuja baada yangu ataweza kuuliza maswali yake bila kuchimba shimo jipya.